Tiki Sabini na Tano

Ofisini kwetu karatasi iliyosomwa ilitiwa tiki ya wino mwekundu, pembeni kulia, na chini ya tiki zikaandikwa herufi mbili za jina la karani aliyeisoma. Karatasi isiyo na tiki ilihesabiwa kuwa haijasomwa, hata karani angeapa namna gani. Ilikuwa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Nilikalia meza ile miaka kumi na tisa, na mkono wangu ukazoea kutia tiki bila mimi kuuamrisha. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu hili ndilo lililonitesa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mkubwa wetu aliniita akaniambia kwamba kompyuta inakuja, na hati zote za mizigo zitaingizwa humo. Hakunizungusha.

"Atakayekaa mbele ya mashine awe na cheti," alisema. "Ukikipata kabla haijafika, kiti ni chako. Usipokipata, nitamchukua kijana aliyetoka chuoni, na wewe utakuwa ukimtafutia mafaili ya zamani kule ghalani."

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Shule niliiacha kidato cha pili. Kiingereza cha barua, uwekaji wa vitabu vya hesabu na sheria za forodha nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vilivyotumika, nikisoma ukurasa baada ya ukurasa, na sikuruka ukurasa hata mmoja. Niliyajua maghala ya kampuni. Yalikuwa na joto na panya, na aliyepelekwa huko hakuwa akirudi mezani.

Chuo nilichokipata kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, mwendo wa dakika saba kwa miguu kutoka mtaani kwetu Kuze. Ndani mlikuwa na meza nane, na juu ya kila meza skrini na kibodi, zote zimeunganishwa kwa waya na mashine moja kubwa iliyowekwa kwenye pembe chini ya pangaboi. Skrini zilikuwa nyeusi, hazina picha. Ulichotaka kifanyike ulikiandika kwa herufi, ukabonyeza kitufe cha kuingiza, ukangoja. Mwalimu alikuwa mtu wa Kaloleni, mdogo wangu kwa miaka kama kumi, aliyewahi kuwa fundi wa simu. Aliongea polepole na hakuwahi kumwonesha mtu jibu. Darasa lilianza saa kumi na nusu jioni na kwisha kabla ya Maghrib, kwa sababu mwenye duka ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mlango wa ngazi, na alipokwenda kuswali alifunga.

Baada ya miezi mitatu ukaja mtihani. Mwalimu alikuwa ameutengeneza mwenyewe, na alituambia kwamba huko Ulaya watu wanaolinda mashine hujifunza kwa mchezo wa namna hii. Kila mwanafunzi alipewa kabati lake ndani ya mashine, na ndani ya kabati kulikuwa na milango minne. Kila mlango ulikuwa na neno la siri lililofichwa mahali fulani katika mafaili. Ukilipata neno uliandika amri ya hodi, kisha neno lenyewe. Kama ni sahihi, skrini ilijibu "Karibu ndani." Kama si sahihi, "Neno si sahihi." Tulipewa jioni nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Atakayefungua mlango wa nne angepewa cheti.

Sharti moja mwalimu aliliandika ubaoni na kulipigia mstari.

"Ukikosea mara tatu, ngoja dakika mbili kamili," alisema. "Ndani ya dakika hizo mbili mashine itakukatalia hata ukiiletea neno la kweli. Na haitakwambia kwamba inakukatalia kwa sababu ya haraka. Itakwambia tu, neno si sahihi. Mwizi hujaribu mbio mbio, na hii ndiyo dawa yake."

Nililinakili katika daftari langu.

Jumatatu nilifungua milango miwili. Wa kwanza, jina la faili lilianza kwa kistari, na kila nilipotaka kulifungua mashine ilidhani naipa maagizo. Nilisoma kitabu cha maelezo dakika ishirini mpaka nikajua namna ya kulitaja. Wa pili, faili lilianza kwa nukta, na mafaili ya nukta hayaonekani mpaka uyaulizie. Mlango wa tatu ulinifanya nitoke jasho. Faili lilikuwa moja tu na lilionekana wazi, lakini mwalimu alikuwa amelipa jina la maneno kumi na moja yenye nafasi katikati. Niliandika jina lote, nikakosa herufi. Nikaandika tena, nikasahau alama ya kufungia. Kibodi yangu ilikuwa na herufi n iliyogoma usipoigandamiza.

Meza ya kulia kwangu alikaa mama mmoja wa mtaa wa Tudor, karani wa mapokezi katika zahanati ya meno, mcheshi, mwenye vidole vyepesi. Yeye milango hiyo mitatu alikuwa keshaimaliza.

"Sheikh," alinong'ona, "wajipa adhabu ya nini? Andika herufi mbili za mwanzo, kisha bonyeza hiki." Alinionesha kitufe cha Tab pembeni mwa kibodi. "Mashine itamalizia yenyewe."

"Nitajuaje kama imemalizia sawa?"

"Utasoma."

"Basi kama nitasoma, bora niandike."

Alicheka akarudi kwenye skrini yake. "Na kishale cha juu pia hukitaki? Hukurudishia amri uliyoandika mwanzo, usiiandike upya."

Nikamwambia sikitaki. Nilikuwa na sababu. Ofisini kwetu karani mmoja alifupisha namba ya kontena kwa kuwa aliijua kichwani, na shehena ya vigae ya mtu ikakaa bandarini wiki sita. Tangu hapo mimi njia ya mkato niliiona kuwa ndugu wa uzembe. Niliandika jina lile lote, herufi kwa herufi, na mara ya tisa likakubali. Mwenye duka alikuwa tayari anatikisa funguo pale chini.

Jumanne niliingia mlango wa nne.

Mlikuwa na mafaili mia tatu. Yote yaliitwa barua ya mzigo, kisha namba, kuanzia moja hadi mia tatu. Ndani ya kila faili mlikuwa na neno moja la herufi na tarakimu zilizochanganywa, lisilotamkika. Na juu ya yote, faili dogo la maelezo lilisema hivi: kila faili lina neno, lakini neno la kweli limo katika faili lililoandikwa mwisho.

Nilifurahi, maana hii ilikuwa kazi yangu hasa. Katika daftari la ofisi hati hupewa namba kadiri zinavyoandikwa, na iliyoandikwa mwisho ndiyo yenye namba kubwa. Nikafungua faili la mia tatu, nikasoma neno, nikapiga hodi. Neno si sahihi. Nikadhani nimekosea kuandika. Nikalinganisha herufi moja moja, sikuona kosa, na jibu lilikuwa pale pale. Neno si sahihi.

Mtu mwingine angesimama hapo ajiulize. Mimi nilijiambia kwamba mwalimu amechanganya namba kidogo ili kutupima subira, kwa hivyo nirudi nyuma moja moja kutoka mwisho, mpaka nilifikie. Nikafanya utaratibu. Nafungua faili kwa programu ya kuandikia, nasoma neno, nafunga. Napiga hodi. Likikataliwa, nafungua tena faili, natia alama mwishoni mwa mstari pamoja na herufi zangu mbili, nahifadhi, nafunga. Kwa njia hiyo sitasahau lipi nimelijaribu. Kila yakikataliwa matatu, nangoja dakika mbili.

Saa yangu ya mkono ilikuwa kwa fundi, na chumbani hamkuwa na saa ya ukutani. Kwa hivyo nilihesabu dakika kwa namna niliyoizoea tangu utotoni, kwa tasbihi ya vidole. Nilikuwa nimeipima nyumbani kwa saa ya mezani: subhanallah mia mbili, kwa utulivu, dakika mbili na kidogo. Midomo yangu ilikwenda taratibu, na vidole vikikunjuka na kukunjika chini ya meza.

Jioni ile nilijaribu mafaili arobaini na mbili. Nilirudi nyumbani na mgongo umekakamaa. Mke wangu aliniuliza mtihani waendaje, nikamwambia nimebakisha kama mia mbili na hamsini na nane.

"Mia mbili na hamsini na nane nini?"

"Mafaili."

Akanitazama. "Na siku zimebaki ngapi?"

"Mbili."

"Basi hesabu hiyo hata mimi nisiyekwenda chuo naiona," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Nilimwambia kwamba neno laweza kuwa katika faili lolote, pengine la kesho la kwanza. Alijua, kama nilivyojua mimi, yaliyokuwa yakiningoja ghalani.

Jumatano ilianza vibaya. Nilikuwa nimejaribu mafaili sita tu, stima ikapotea. Skrini nane zikafa pamoja, pangaboi likapunguza mwendo likasimama, na kelele za barabarani zikaingia dirishani: mkokoteni, mtu akiita mwenzake, mashine ya kushonea ya duka la pili. Tulikaa gizagiza nusu saa nzima. Mwalimu alifungua madirisha yote. Mimi nilihesabu muda unaopotea, na kila dakika iliyopita niliigeuza kuwa mafaili.

Stima iliporudi nilikuwa na hasira, na sikujua kuwa hasira imenifikia mdomoni. Niliendelea na utaratibu wangu uleule. Fungua, soma, funga, hodi, fungua, alama, hifadhi, funga. Baada ya matatu, mia mbili kwa vidole. Mama wa Tudor, aliyekuwa ameshafungua mlango wa nne jana yake na sasa amekuja kujizoeza tu, alinigeukia.

"Sheikh, dua hiyo leo yaenda kwa mbio. Waomba nini?"

"Siombi. Nahesabu dakika."

"Aa. Nilidhani waiombea mashine."

Sikucheka. Nilimwona kama nzi. Jioni hiyo nilimaliza mafaili thelathini na matatu, na jumla ikawa sabini na tano. Nilikuwa nimefika namba mia mbili na ishirini na sita. Mwenye duka alipotikisa funguo, nilibaki nimekaa mpaka mwalimu akanigusa bega.

Alhamisi, siku ya mwisho, nilifika wa kwanza. Nilikuwa sijalala vizuri na nilijua hesabu yenyewe hainipi nafasi. Hata kama stima isingepotea siku hiyo, ningejaribu mafaili arobaini na tano tu kati ya mia mbili na ishirini na tano yaliyobaki. Mama wa Tudor alipoingia alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama ninavyoandika jina la faili namba mia mbili na ishirini na tano lote kwa ukamilifu, na nadhani moyo wake ulimwuma.

"Masalkheri, sheikh."

"Masalkheri."

"Mwalimu amekataza kuambiana neno. Hakukataza kuambiana amri. Na mimi neno lako silijui, kila mtu ana lake. Nikwambie?"

Niliondoa vidole kibodini. Kisha nikamwambia, "Haya."

"Mashine hii yajua kila faili liliandikwa lini. Iagize iyaorodheshe kwa wakati, jipya juu. Herufi nne tu. Mimi sikufungua hata faili moja, wallahi."

Aliniandikia kwenye kipande cha karatasi: ls, nafasi, kistari, lt. Nikaiandika. Ndani ya kufumba na kufumbua orodha ikashuka ikapita skrini nzima. Akanionesha jinsi ya kuongeza kijiti kilichosimama na neno moja baada yake, ili nione mistari kumi ya juu tu. Ndipo faili lililoandikwa mwisho lingekuwa mstari wa kwanza.

Mstari wa kwanza ulikuwa barua ya mzigo namba mia mbili na ishirini na sita. Iliandikwa jana, saa kumi na mbili na dakika tisa jioni. Mstari wa pili, mia mbili na ishirini na saba. Jana. Mstari wa tatu, mia mbili na ishirini na nane. Jana. Nikaiomba mistari yote. Sabini na tano ya juu ilikuwa yangu mimi, yote, ya jana na juzi. Chini yake, mafaili yote mia mbili na ishirini na matano yalikuwa na tarehe moja, saa moja na dakika moja, siku mwalimu alipoyamwaga humo.

Mama wa Tudor alikuwa ameinama kusoma. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani wewe uliandika ndani yake?"

"Nilitia tiki."

"Tiki?"

"Na herufi za jina langu. Ili nijue nililolijaribu."

Aliweka mkono mdomoni, na nikaona kwamba anazuia kicheko na huruma kwa pamoja. Mimi nilihisi masikio yananiwaka moto. Kila nilipohifadhi tiki yangu, mashine ilikuwa ikiandika kwamba faili hili limeandikwa sasa hivi. Nilikuwa nimefuta alama ya pekee niliyotakiwa kuitafuta, mara sabini na tano, kwa uangalifu.

Na lililo baya zaidi likanijia baadaye kidogo. Kama faili la kweli lingekuwa bado halijaguswa, tarehe yake ingeonekana tofauti na zile mia mbili na ishirini na tano. Halikuonekana. Maana yake lilikuwa miongoni mwa yangu. Nilikuwa nimeshalifungua, nikalisoma, nikalipigia hodi, likakataliwa, nikalitia tiki.

Nilimwita mwalimu, maana sikuona haki ya kumficha. Alisikiliza mikono nyuma.

"Umetia nini, mzee wangu?"

"Tiki."

Alisoma skrini. "Ukiingia nyumba iliyoibiwa," alisema, "ukashika ufagio ukaanza kufagia ili polisi wakute pasafi, utakuwa umewasaidia?"

"Sikujua kama nafagia."

"Najua. Wafagiaji hawajui."

"Nipe nakala nyingine ya kabati."

"Siwezi. Wenzako wamefanya kwa moja." Alisema bila ukali, na hilo lilinikera kuliko ukali. "Lakini umeniambia kwamba neno la kweli umeshalijaribu likakataliwa. Mashine haisemi uongo bila sababu. Una saa moja na dakika kumi."

Akaenda zake meza ya mbele.

Nilikaa. Mikono yangu ilikuwa inataka kufanya kitu, kuandika kitu, na niliishikilia mapajani. Neno la kweli likataliwe kwa nini? Nimelinakili vibaya? Huenda, mara moja katika sabini na tano. Lakini nilikuwa nikisoma tarakimu kila siku kazini na sikuwa mtu wa kukosea kunakili. Sababu nyingine ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa daftarini mwangu kwa mwandiko wangu mwenyewe: ndani ya dakika mbili mashine hukataa hata neno la kweli.

Nilikuwa na hakika kwamba nilingoja. Nilikuwa nimehesabu kila mara mpaka mia mbili. Nikamtazama mama wa Tudor, nikakumbuka alivyoniuliza naomba nini.

"Dada," nikamwambia, "jana uliniambia midomo yangu yaenda mbio."

"Ilikwenda kama ya mtu anayefukuzwa."

"Yaani zaidi ya juzi?"

"Juzi ulikuwa imamu. Jana ulikuwa dalali."

Basi ikawa hivyo. Juzi mia mbili ilikuwa dakika mbili na kidogo. Jana, baada ya stima kupotea, mia mbili sikujua ilikuwa muda gani. Ningeweza kuyajaribu yote sabini na tano upya, lakini kwa kungoja kikamilifu muda usingetosha hata nusu. Ilinibidi nijue ni mara zipi hasa sikungoja vya kutosha.

Na hilo mashine ilikuwa ikilijua. Kila tiki ilikuwa na saa yake. Umbali kati ya tiki ya tatu ya kila kundi na tiki iliyofuata ndio ulikuwa muda nilioungoja kweli. Tatizo ni kwamba orodha ilionesha saa na dakika tu, na mimi nilitaka sekunde. Nikachukua kitabu cha maelezo, nikatafuta amri ile ya kuorodhesha. Kurasa zake zilikuwa na vistari na herufi nyingi, kila moja na kazi yake. Mara hii sikusoma tangu mwanzo. Nilitembeza kidole nikitafuta neno la wakati tu, na ilinitia uchungu kuruka mistari namna ile. Katika ukurasa wa tatu nikaipata: mashine itaonesha wakati wote kwa ukamilifu, hadi sekunde.

Nikaiandika. Mama wa Tudor alisogeza kiti chake. Nikachora meza katika daftari, makundi ishirini na tano, na mbele ya kila kundi pengo lake. Majina ya mafaili niliyaandika herufi mbili tu za mwanzo na kukiachia kitufe cha Tab zilizobaki, na nilitumia kishale cha juu.

Mapengo ya Jumanne yalikuwa yote zaidi ya dakika mbili na nusu. Niliyasoma kwa kuridhika kidogo. Ya Jumatano kabla ya stima kupotea, vivyo hivyo. Baada ya hapo yakaanza kushuka. Dakika mbili na sekunde tano. Dakika moja na hamsini na mbili. Dakika moja na arobaini na nne. Moja na thelathini na tisa. Niliyaona kama mtu anayeoneshwa picha aliyopigwa bila kujua, uso umekunjamana. Subhanallah zangu zote zilikuwa pale, zimepimwa kwa sekunde, na kadiri jioni ilivyozidi ndivyo zilivyopungua thamani.

Mapengo mafupi kuliko dakika mbili yalikuwa saba. Kwa hiyo mafaili ya kushukiwa yalikuwa saba, lile la kwanza baada ya kila pengo.

"Sasa ngoja nikushikie dakika," alisema mama wa Tudor, akafungua mkoba akatoa saa yake ya mkono na kuiweka mezani kati yetu. "Na mdomo uufunge."

Nikaanza na lililotiwa tiki mwisho, nikirudi nyuma, nikajaribu la kwanza. Neno si sahihi. La pili, la tatu. Tukangoja dakika mbili kwa saa yake, na sijawahi kujua kwamba dakika mbili ni ndefu kiasi kile. La nne. La tano. La sita. Neno si sahihi. Chini tulimsikia mwenye duka akiteremsha chuma cha dirisha la kwanza. Mwalimu alikuwa amesimama, anakusanya vitabu vyake, na hakutazama upande wetu, jambo lililonionesha kwamba anatusikiliza.

Dakika mbili nyingine. Kidole cha mama wa Tudor kilikuwa juu ya kioo cha saa. "Bado," alisema. "Bado. Haya."

Faili la saba, la mwisho, lilikuwa namba mia mbili na arobaini na sita. Niliandika hodi, nikaandika neno, nikalisoma tena mara mbili kabla ya kubonyeza.

Karibu ndani.

Mama wa Tudor alipiga meza mara moja kwa kiganja. Mimi sikusikia furaha. Nilitazama daftari langu kwanza, mstari wa faili lile, nikasoma wakati wa tiki: Jumatano, saa kumi na moja na dakika ishirini na saba. Jana, saa ile, nilikuwa na jibu mkononi. Nililileta mlangoni sekunde nane mapema, nikafukuzwa, na mimi mwenyewe nikaliwekea alama kwamba halifai. Nikaendelea na mafaili mengine ishirini, kisha nikaenda nyumbani kumnunia mke wangu.

Mwalimu alikuja akasoma skrini, akasoma na daftari langu, akageuza ukurasa wa mapengo akausoma tena.

"Umepita," alisema. "Mzee wangu, kuna wanafunzi watakaomaliza chuo hiki bila kujua kwamba sekunde zipo." Kisha akaongeza, "Lakini kwenye cheti nitaandika umepita tu. Sitaandika vizuri."

"Kwa sababu ya tiki?"

"Kwa sababu ya tiki."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja tatu na nilizipanga kichwani, lakini mwenye duka aliita kutoka chini, na adhana ikaanza, tukateremka sote watatu kwa ngazi ile nyembamba mmoja nyuma ya mwenzake.

Cheti nilikipeleka kwa mkubwa wangu Jumatatu. Alisoma jina la chuo, akasoma neno lile moja, akauliza, "Hii yatosha?" Nikamwambia yatosha kukaa mbele ya mashine. Akakitia kwenye droo.

Kompyuta ililetwa baada ya wiki mbili. Aliyeileta alikuwa kijana wa kampuni iliyoiuza, aliyevaa tai, na aliiweka juu ya meza yangu ile ile. Alipoiwasha ikajaa rangi na picha ndogo ndogo, na kando yake palikuwa na kitu kama sabuni chenye mkia. Nilitafuta mahali pa kuandikia, sikupaona.

"Amri zaandikwa wapi?" nilimwuliza.

"Huandiki, mzee. Unashika hii, unasogeza, unabofya."

Mkubwa wangu alikuwa amesimama mlangoni, anatazama nitakavyofanya. Ghala lilikuwa ng'ambo ya ua, mlango wake wazi, na kupitia dirishani niliona rafu za mafaili ya zamani zimejaa hadi juu. Nikavuta kiti nikakaa, nikaishika ile sabuni, mkia umenielekea, kijana akanigeuzia. Nikamwomba anioneshe tena tangu mwanzo, polepole.